Sahihi kwa Pasta Muindi

Ushawahi kusikia mtu akisifiwa nawe una dukuduku naye? Kaluki alikuwa kwenye foleni ya basi Buruburu, mjukuu mgongoni kwa leso, wakati Wacuka, mwanamke asiyemjua, alipomnyooshea karatasi na kalamu.

"Shosho, weka sahihi. Pasta Muindi anapeleka ombi hili la watoto Bungeni. Miaka kumi anatetea watoto wa nchi hii!"

"Hata wa hapa Buruburu?"

"Ai, shosho! Kwani hao ni wa Uganda?"

Kaluki akatoa kifuniko cha kalamu, akakirudisha, akakitoa tena. Basi likasimama.

"Huyu mgongoni, Pasta wako alikataa kumbariki, eti mama yake, binti yangu, hajaolewa," akasema. "Nilitaka tu amshike mbele ya kanisa, amtaje jina, kama wengine."