Mama Zimeni Anaondoka, Rangi Mbichi Inabaki

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye mtambo wetu wa klorini, msimamizi wa zamu tunayemwita Mama Zimeni anastaafu Ijumaa hii. Nimeombwa niandike kwa furaha. Najitahidi.

Jina hilo alipewa na meneja wa uzalishaji, aliyechoshwa kumsikia akitoa amri hiyo moja tu, "Zimeni!", kila siku kwenye redio ya mkononi. Alikusudia kejeli. Mwenyewe akalipenda, akaliandika kwenye kofia yake ya kazi, na sasa hata wajukuu zake wanamwita hivyo hivyo.

Wageni wakubwa wakija kiwandani kwetu, hatutengenezi kitu, tunapaka rangi. Walipokuja wale wa makao makuu, mafundi wa vali waliambiwa waache matengenezo wakapewa brashi, na kwa kukimbizwa kule wakapaka mpaka kioo cha geji ya presha ya tangi la pili. Kijani kibichi, kinang'aa! Uongozi ukapita, ukasifu. Mama Zimeni akapita, akasimama, akachomoa pini ya kilemba chake na kukwangua. Mshale ulikuwa umeshavuka alama nyekundu.

"Zimeni!"

Meneja akamsihi angoje wageni wamalize chai. "Baba, chini ya tangi hili kuna watu," akamjibu. "Chai itachemshwa tena." Akabonyeza kitufe cha kuzima mtambo mwenyewe. Vali ya kupunguzia presha ilikutwa imeganda kwa kutu.

Hakuna aliyeumia. Kwa hiyo yeye akapewa onyo kwa kusimamisha uzalishaji, na kikosi cha rangi kikapewa vyeti. Nikikumbuka, damu inanichemka hadi leo. Yeye hakununa. Aliitundika pini ile ukutani kwenye chumba cha mitambo, na kila mgeni kazini alifundishwa kwanza matumizi yake.

Sasa tumetangaziwa kwamba nafasi yake haitajazwa. Zamu itasimamiwa kwa simu kutoka ofisini, ghorofa ya tatu, ambako madirisha hayatazami mtambo. Na kwa heshima ya sherehe yake, tangu Jumatatu tunapaka rangi.

Mama, asante. Asante kwa niaba ya wake zetu, waume zetu na watoto wanaotuona tukirudi nyumbani. Tunakutakia siku ndefu za raha na usingizi usio na redio kando ya mto wa kulalia. Ila Ijumaa, kabla hujaketi meza kuu, pitia tangi la pili. Na pini, tafadhali, tuachie.