Ami Motaleb, Msomaji wa Sahani Zilizorudi

Alhamisi hii, tarehe thelathini Novemba, Bwana Motaleb Howlader anavua aproni baada ya miaka thelathini na mitatu katika jiko la hospitali yetu ya saratani hapa Barishal. Kwenye faili lake ameandikwa "mpishi mkuu", lakini wodini hakuna anayemjua kwa cheo hicho. Wagonjwa wanamwita Ami, manesi wanamwita Ami, na hata Daktari Nilufar, ambaye hana mzaha na mtu, uzito wa mgonjwa ukimtia hasira husema, "Niitieni Ami."

Alianza mwaka 1990 kama mwosha masufuria. Siku hizo mgonjwa wa saratani alipikiwa kama mgonjwa wa homa: uji wa sago asubuhi, uji wa sago mchana, na jioni, kwa kubadilisha, uji wa sago. Ami husema uji uliorudi jikoni ulikuwa mwingi kuliko ule uliopelekwa, kana kwamba huko wodini ulikuwa unazaana. Akaanza kuuliza maswali. Mtaalamu wa lishe alipofundisha manesi, Ami alisimama mlangoni na upawa mkononi akisikiliza, miaka miwili mfululizo, mpaka siku moja wakamwekea kiti.

Hapo ndipo mayai yalipoingia, na samaki, na wali wa dengu uliolegezwa vizuri. Na hapo ndipo ndugu wa wagonjwa walipokuja juu. Wengi kwetu tunaamini mgonjwa akila yai au samaki atazidiwa, na wengine husema kabisa kwamba chakula kizuri kinalisha uvimbe. Jibu la Ami halikubadilika miaka yote: "Mwizi akiingia nyumbani kwako, huwanyimi wanao chakula ili umkomoe yeye."

Waliolalamika kuwa kila kitu kina ladha ya chuma, kwa sababu ya dawa, aliwapa kijiko cha plastiki na ukwaju kidogo. Wenye kichefuchefu aliwapelekea chakula kilichopoa, harufu isiwatangulie. Wale ambao kinga ya mwili wao ilikuwa dhaifu hawakuruhusiwa kitu kibichi, na ndugu waliowaletea vitu vya kukaanga vya barabarani walipekuliwa hotipoti zao mlangoni. Tunaamini Ami angeweza kuchemsha hata zabibu.

Mama mmoja wa kitanda cha dirishani aliwahi kumwita mbele ya watu: "Ami, leo chumvi umeisahau nyumbani?"

"Chumvi ipo, dada. Ulimi wako ndio uliokwenda likizo. Utarudi, na ukirudi utaniomba radhi."

Uliporudi, aliomba.

Sasa niseme kwa nini wenzangu wa jikoni wamenipa mimi kazi ya kuandika haya.

Mwaka 2019 sikuwa mfanyakazi hapa. Nilikuja kumuuguza mama yangu, Hajera, aliyekuwa na saratani ya titi. Nilikuwa na binti yangu Jhumur, miezi mitatu, ananyonya. Mama alikuwa amepata dawa mara mbili kati ya mara sita. Alikuja na kilo arobaini na moja. Zikawa thelathini na tisa. Zikawa thelathini na saba na nusu. Daktari Nilufar akatuambia waziwazi, "Alhamisi ijayo akiwa chini ya thelathini na nane, simpi dawa. Mwili wake hautaibeba." Zilibaki siku nane.

Kilichotuchanganya ni kwamba sahani ya Mama ilirudi jikoni tupu kila siku. Majirani wa kitanda wakaanza kunong'ona kwamba kila anachokula, ugonjwa unakila. Nami nililia chooni, nisionekane.

Ami ana desturi moja ambayo hakuna mpishi mwingine niliyemwona nayo. Chakula kikishaliwa, yeye hasimami kwenye majiko. Husimama kwenye kidirisha zinapopitishwa sahani chafu, anaziangalia moja moja kama mwalimu anayesahihisha. Mchana wa siku ileile ya onyo la Daktari alishika sahani ya Mama, ya kitanda cha kumi na nne, akaacha zingine zikirundikana, akapanda nayo ngazi.

"Hajera, fungua mdomo."

Mama akafungua. Vidonda, ulimi mzima.

Ami akamwonyesha ile sahani. Mifupa ya samaki ilikuwa imetafunwa mpaka unga, na pilipili imebaki kikonyo. "Mdomo huu ndio uliofanya kazi hii?" Kisha akanigeukia. "Mama Jhumur, na wewe fungua."

Wodi nzima ikacheka. Mimi nilifunga mdomo kwa kanga, maana giligilani ilikuwa bado kwenye meno.

Kwetu anayenyonyesha ndiye hupewa kichwa cha samaki na habasoda ya kuponda, na mama yake haweki tonge mdomoni mpaka yeye ashibe. Mama alikuwa akiniambia kila siku, "Harufu inanichefua, mwanangu, usikitupe, kula wewe." Nikawa ninakula, nikidhani ni mabaki. Kumbe nilikuwa ninakula kilo za mama yangu.

Ami hakunigombeza. Alianza kumgombeza Mama, na Mama akamjibu bila woga: "Kaka Motaleb, wewe una watoto. Ungemeza vipi, na mjukuu ananyonya kwa mtu mwenye njaa?"

Ami akakuna kidevu. "Haya. Desturi hatuivunji. Tutaipikia."

Kesho yake zikaja sahani mbili. Yangu ilitangulia kwa nusu saa, na kichwa cha samaki juu yake, na amri kwamba niile mbele ya Mama mpaka mwisho, kisha nimnyonyeshe Jhumur mpaka acheue. Ndipo ikaja ya Mama: uji mzito wa wali na yai la bata lililovurugwa, mtindi, ndizi mbivu ya kuponda, vyote vimepoa, bila pilipili wala ndimu, kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Kisingizio kikamwishia. Jhumur akicheua tu, jirani wa kitanda cha kumi na tatu alitangaza, "Mahakama imesikia ushahidi. Hajera, kula."

Baadaye sana nikajua kwamba ile sahani yangu ilikuwa chakula cha mchana cha Ami mwenyewe. Siku zote hizo yeye alikula bisi za mchele na chai.

Alhamisi Mama akapanda mizani. Daktari akamwambia ateremke, avue bangili, apande tena. Kilo thelathini na nane na robo tatu. Akamtazama Ami, aliyekuwa amejibanza mlangoni kama mtu aliyepita kwa bahati tu.

"Ami, umempa nini asubuhi hii?"

"Mtindi, Daktari."

"Kiasi gani?"

Ami akaanza kukagua dari.

"Hata nikiutoa mtindi," Daktari akasema, akichukua kalamu, "amefika." Akasaini dawa.

Mwaka uliofuata niliajiriwa jikoni, na mwaka huohuo hospitali ikakubali ombi la Ami: kila muuguzaji anayenyonyesha anapata sahani yake, na inapelekwa kwanza. Amefundisha wapishi kumi na tisa. Uji wa sago bado upo, ila sasa unapikwa na maziwa na yai, nao hauzaani tena.

Anarudi kwao Banaripara kwa mkewe, Bi Anwara, ambaye ametuarifu kwamba kwa miaka thelathini na mitatu amepokea nyumbani harufu ya vitunguu tu na hajawahi kupikiwa hata yai. Ami, kazi ipo.

Mama yangu alimaliza dawa zote sita. Sasa ana kilo arobaini na sita na analaumu mafundi cherehani kwa blauzi kumbana. Hajui kuandika, kwa hiyo amenituma nikuandikie neno lake kama alivyolisema: "Mwambie kaka Motaleb, mjukuu wangu ananijua."

Ahsante, Ami. Sisi sote wa jikoni na wodini tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, na miaka mingi ya kula ukiwa umeketi.