Elfu Kumi na Moja ya Mzee Osborn

Mwaka wa 1967 kijiwe chetu pale Busia kilikuwa benchi moja mbele ya jiko la kahawa la Ofwono, karibu na kizuizi cha mpaka wa Uganda, upande wa Kenya. Tulikaa watu wa pande zote mbili, na hakuna jambo lililotushinda, maana hatukuwahi kulifikisha mwisho. Asubuhi hiyo alikuja Ilukor, kijana wa kiwanda cha saruji Tororo, uso umemshuka. Alikuwa ametoka kumposa Nereah, na baba wa binti, Mzee Osborn, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa amemrudisha na swali.

— Anataka nimwambie kama elfu kumi na moja ni namba tasa, alisema Ilukor. Nikijua, ndiyo tuongee mahari.

— Rahisi hiyo, alisema Rasto, tuliyemwita Profesa kwa sababu darasa la nne alilisoma mpaka likamzoea. Tasa ni namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Hii inaishia na moja. Mbili haiingii, tano haiingii. Ni tasa.

— Na tatu je? niliuliza. Mimi ndiye Wakili wa kijiwe, jina nililopewa kwa kushindwa kila hoja.

— Tatu inabakiza mbili. Saba inabakiza tano. Ukishafika saba umefika mbali, Wakili.

Ofwono aliacha kupepea makaa.

— Mimi nasikia tasa tu. Mzee anakupa namba haizai siku ya posa? Hiyo iko matusi.

— Labda anamsema binti yake, niliongeza, nikidhani nasaidia.

Ilukor aliweka kikombe chini.

— Vuka nayo, Ofwono akamwambia. Kila nchi sasa iko na shilingi yake, hata hesabu si moja tena. Ku Uganda itazaa.

Profesa alifikiri, akasema hilo lafaa kuchunguzwa.

— Kwa hiyo nimwache Nereah? aliuliza Ilukor.

Anjeline, muuza samaki, alikuwa ametua kapu lake kando yetu, akitusikiliza huku akingoja kahawa.

— Mwanangu, mzee alisema elfu kumi, halafu moja juu yake? Au elfu, ziko kumi na moja?

Sote tukamgeukia Ilukor.

— Alisema tu elfu kumi na moja.

— Si urudi umuulize?

Alikwenda. Aliporudi jioni alikuwa ananukia kuku wa kukaanga.

— Nimemuuliza, alisema. Akasema hata yeye hakumbuki alikusudia ipi. Akacheka, akaita nipewe chakula. Mahari ni Jumamosi.

Tulimshika mkono mmoja mmoja. Kisha Profesa akajisogeza kwenye benchi, akasema pamoja na hayo, ile inayoishia na moja ni tasa, na sote tukakubali. Kumbe inagawanyika kwa sabini na tatu. Nimelijua hilo juzi tu, uzeeni.