Mwalimu Octavian Muntiu (1926–2006) na Hotuba Zake Ishirini na Sita

Mwalimu Octavian Muntiu alizaliwa tarehe 4 Machi 1926 hapa Gruiești, jimbo la Arad, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Teodor na Saveta Muntiu. Wa kwanza alikuwa Iuliu. Familia inaomba jina hilo lisikilizwe vizuri, maana limesemewa uongo mno.

Alisoma shule ya hapa kijijini, kisha chuo cha ualimu Arad, akahitimu 1946. Iuliu aliacha masomo ili mdogo wake asome. Kila Jumatatu alimpeleka kwa mkokoteni huku akimhoji tarehe za wafalme, na akikosea humshusha. “Shuka, Profesa! Tembea mpaka ukumbuke!”

Tarehe 12 Juni 1948 alifunga ndoa na Lucreția Hălmăgean, wakajaliwa binti mmoja, Letiția, anayewasomea maneno haya. Msimamizi wa harusi alikuwa Iuliu, na wazee mliopo mnakumbuka alivyocheza hadi akapasua kiatu.

Tarehe 30 Julai 1949 askari wa serikali walikuja kuchukua ngano kwenye mashine ya kupura. Iuliu alikataa kushusha gunia lake. Wakampiga risasi mchana kweupe, mwili wakaupakia kwenye lori, na familia ikakatazwa hata kusimika msalaba.

Marehemu alifundisha historia miaka thelathini na minane. Mwaka 1964, ilipotimia miaka ishirini tangu Agosti 23, siku nchi yetu ilipowageuka Wajerumani, kila kijiji kiliamriwa kuwa na mnara wa mashujaa waliouawa na Wajerumani mwaka 1944. Gruiești haikuwa na shujaa hata mmoja wa namna hiyo. Katibu wa Chama cha Kikomunisti hapa kijijini, Ndugu Bodea, akamwita.

“Mwalimu, unataka niende mkoani na jiwe tupu? Tumwandike kaka yako.”

“Ndugu Katibu, wewe unajua nani alimuua.”

“Najua. Najua na alikozikwa. Andika, usome hotuba, nitakuonyesha.”

Akaandika. Eti Iuliu alikufa 1944, huyo aliyecheza harusini 1948! Kijiji kizima kikapiga makofi, na hakuna aliyecheka. Kila Agosti marehemu alisoma hotuba, akishuka jukwaani anamtazama Bodea, na Bodea anamgusa bega: “Mwakani, Mwalimu.” Mara ishirini na sita.

Mama yake alimwuliza mara moja tu. “Waliomuua wanampigia tarumbeta, nawe unawashikia karatasi?”

“Mama, nataka tumpate.”

“Hujampata. Umempoteza mara ya pili.”

Jumapili iliyofuata Mama Saveta alipeleka kanisani karatasi yake ya majina ya kuombewa, wazima upande huu, wafu upande ule. Octavian alikuwa upande wa wafu. Padri akasita. “Mama, huyu si nimemwona asubuhi?”

“Soma tu, Baba.”

Ikasomwa hivyo kila Jumapili hadi mama alipofariki, 1979. Marehemu alikuwa akisimama nyuma kabisa, akisikia.

Bodea alikufa Novemba 1989, mwezi mmoja kabla ya serikali yake kuanguka, bila kumwonyesha kaburi. Januari iliyofuata vijana wakauvunja mnara kwa nyundo, wakimwita Iuliu kibaraka wa wakomunisti. Marehemu alisimama akatazama. Angewaambia nini, naye ndiye aliyewafundisha?

Aliugua mapafu kuanzia 2004. Wiki ya mwisho alimshika binti yake mkono. “Usinirembe. Andika kwamba nilisema uongo.”

“Baba, watu wote watakuwepo.”

“Ndiyo maana.”

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 9 Februari 2006. Ameacha mjane, Lucreția, binti, Letiția, na wajukuu wawili. Ameacha pia kaka, aliyeuawa na serikali akiwa na gunia lake mwenyewe, ambaye hadi leo hatujui pa kumwashia mshumaa.

Mungu ampe Octavian pumziko ambalo hakujipa mwenyewe. Na kama kati yenu yupo anayejua lile lori lilielekea wapi, amwambie Letiția kabla hajaondoka hapa. Hatutamwuliza amejuaje.