Dilruba Parvin na Boila Aliyokataa Kuipitisha

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukagua boila, yaani matangi ya viwandani ya kuchemshia maji kuwa mvuke, Bi. Dilruba Parvin anastaafu. Sisi wa tawi la Narayanganj tunamwita Apa, yaani dada mkubwa, hata tuliomzidi umri.

Alijiunga na kampuni yetu ya ukaguzi mwaka 1993, mwanamke wa kwanza katika kitengo cha boila. Siku yake ya kwanza, mlinzi wa kiwanda alimtazama juu hadi chini akamwambia, "Washonaji wanaingilia nyuma, dada." Akaingilia nyuma. Meneja alisimama saa nzima langoni na sahani ya vitamutamu akimsubiri mkaguzi. Mkaguzi alipotokea, masizi hadi kwenye nyusi, ukaguzi ulikuwa umekwisha.

Waajiriwa wapya walipomuuliza kazi ikoje, hakuwaficha. Raha yake ni kwamba utaingia kila kiwanda, utajifunza kazi za watu, na jioni watu watarudi kwao wazima kwa sababu ulifungua macho. Karaha yake ni kwamba anayeilipa kampuni yako ndiye unayemkagua. "Ukitaka kupendwa," alisema, "kapike biriani."

Karaha hiyo ilimpata mwaka 2009. Mteja wetu mkubwa, kiwanda cha kutia rangi vitambaa cha Haji Mofazzal, alitaka cheti upesi. Apa akapanda ngazi, akakuta vali ya usalama, ile inayoachia mvuke presha ikizidi, imefungwa kwa waya.

"Ilikuwa inapiga kelele tu, Apa," Haji alicheka. "Tia saini, waya nitautoa kesho."

"Utoe sasa. Na moto uzimwe, nipime unene wa chuma."

"Nikizima moto, oda ya Alhamisi imekufa!"

"Oda itafufuka, Bwana Haji. Watu wako hawatafufuka."

Haji akanipigia simu mimi ninayeandika haya, Anisur Bari, mkuu wa tawi. Nami nikampigia Apa nikamwambia alegeze kidogo.

"Kalamu ninayo hapa, bhai," alinijibu, akiniita kaka. "Njoo utie saini wewe."

Sikwenda. Apa akamwita fundi wa boila, akamwonyesha ule waya mbele ya wenzake. Habari ikaenea. Nusu saa haikupita, watu mia mbili walikuwa wametoka nje hadi uani na hakuna aliyekubali kurudi ndani. Haji akazima moto. Boila ilipopoa na kufunguliwa, kutu ilikuwa imekila chuma cha chini kiasi kwamba bisibisi ilipenya ikatokea upande wa pili.

Ungedhani tulimshangilia. Mteja alituhama, na makao makuu wakatafuta wa kubeba lawama. Barua ya kumhamishia Khulna niliiandika mimi. Alikaa huko miaka minne kwenye viwanda vya juti, huku binti yake, Tonima, akifanya mitihani ya sekondari hapa bila mama yake.

Asubuhi aliyorudi hakunilaumu. Aliuliza ratiba ya wiki, akaona Haji amerejea kwetu, akasema, "Huyo nipe mimi." Akaikagua boila mpya ya Haji kutwa nzima, vali kwa vali, akaipitisha bila kinyongo. Haji mwenyewe alimshikia ngazi.

Wasifu huu ulikuwa uandikwe na makao makuu. Niliomba kazi hiyo kwa sababu kuna jambo sijawahi kulisema mbele ya watu. Apa, nilipokuwa nikiandika barua ile nilijua kabisa kwamba wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Nilimwogopa mteja, nikakuacha peke yako. Naomba radhi kwako na kwa Tonima.

Asante kwa kila saini uliyotia, na zaidi kwa ile uliyokataa kutia. Nenda salama Bogura unakohamia, uishi kwa afya na furaha pamoja na binti yako na mjukuu anayetarajiwa. Sisi tunabaki kazini, na safari hii mkaguzi wetu akisema hapana, mkuu wake atakuwa amesimama naye.