Bi Mwanne Huseni na Mlango Nilioacha Wazi

Tarehe 31 Desemba 2025, baada ya miaka ishirini na saba na miezi kumi ya kazi, Bi Mwanne Huseni atarudisha funguo za stoo na kwenda kupumzika nyumbani kwao, mtaa wa Buyenzi. Aliingia katika kampuni yetu tarehe 2 Machi 1998 akiwa mpokea simu. Anaondoka, kwa jinsi faili lake lilivyosema hadi wiki iliyopita, akiwa mtunza stoo. Kati ya vyeo hivyo viwili kipo kingine, na ukurasa huu umekusudiwa kukirudisha mahali pake.

Wafanyakazi wapya wanamjua kama mama wa dirisha la stoo, asiyetoa hata mita moja ya waya bila sahihi. Wajue kwamba kwa miaka tisa aliongoza timu ya ufungaji, na kwamba nusu ya antena zinazoonekana juu ya mapaa ya wateja wetu wa zamani alizifunga yeye, sketi juu ya suruali, bisibisi mdomoni.

Kazi yetu si rahisi kuieleza. Mteja mwenye duka mtaa wa Asiatique, ghala Kibenga na ofisi Mutanga Sud anataka kompyuta za sehemu hizo tatu ziwasiliane bila mambo yake kupita hadharani. Wahandisi walichora michoro, na wateja wakapiga miayo. Bi Mwanne alisema tu: "Tunakujengea nyumba moja ya vyumba tatu. Unatoka mu chumba kimoja unaingia mu kingine, haupite inje. Mutu wa barabarani hakuone." Wateja wakatia sahihi.

Ameniagiza nisisahau habari ya mchikichi. Mteja mmoja wa Kibenga alikuwa akikatikiwa na mawasiliano kila siku baada ya saa saba mchana. Mhandisi Sylvère alibadilisha ruta, akabadilisha waya, akaanza kuandika barua ya kuagiza antena mpya kutoka ng'ambo. Bi Mwanne aliomba kiti na kikombe cha chai, akaketi juu ya paa akitazama ziwa. Upepo wa mchana ulipoanza, mchikichi wa jirani uliinama ukasimama mbele ya antena, ukayumba, ukarudi. "Sylvère, we unatafuta ugonjwa mu mashine," akaita kutoka juu. "Njo uone mugonjwa mwenyewe anacheza mu upepo!" Walisogeza antena mita mbili. Barua ya ng'ambo haikutumwa, na Sylvère aliitwa Daktari wa Michikichi mpaka alipohamia Gitega.

Sasa naomba niandike jambo ambalo kwa kawaida haliandikwi katika kurasa kama hizi.

Waya mmoja hubeba mawasiliano ya wateja wengi. Kinachowatenganisha ni namba: kila mteja ana yake, na namba zote ziliandikwa katika daftari la njia. Timu ya ufungaji ilifunga kile daftari lilichosema, na kiongozi wake akatia sahihi kwamba kila mteja yuko peke yake. Daftari hilo lilitunzwa na mwandishi wa maneno haya.

Mwaka 2014 alifariki Mzee Salem, mfanyabiashara wa Asiatique na mteja wetu wa siku nyingi. Wanawe wawili waligawana: Mazin akabaki na duka la Asiatique, Basma akachukua ghala la Kibenga na ofisi ya Mutanga Sud. Siku ya kumi na mbili baada ya mazishi, Basma alileta fomu akiomba namba yake mwenyewe, mbali na ya kaka yake. Niliipokea, nikaipiga muhuri wa tarehe, nikaiweka katika droo.

Sikuiweka kwa uvivu. Nilikimbia nchi hii wakati wa mauaji ya mwaka 1972 nikiwa kijana wa miaka kumi na mitano, nikakulia ukimbizini Ujiji kwa majirani Waislamu walionifunza adabu zao pamoja na Kiswahili hiki. Kwao hao, nyumba ya marehemu haikugawanywa kabla ya arobaini. Niliona vibaya kuandika katika daftari letu kwamba nyumba ya Mzee Salem imevunjika wakati mkeka wa matanga bado umetandikwa. Nikasema nitangoja arobaini ipite. Ikapita. Fomu ikabaki chini ya karatasi nyingine, nami nikasahau. Basma hakuniomba heshima hiyo. Aliniomba namba.

Bi Mwanne alifunga vifaa vipya vya Basma, akafuata daftari, akatia sahihi. Kwa kuwa daftari bado liliwapa namba moja, mlango wa ndani kati ya ndugu wawili ukabaki wazi. Miezi minne baadaye Basma aliandaa bei za kuuzia hoteli moja vitambaa na mapazia. Mazin aliziona katika kompyuta yake ya Asiatique, akashusha zake kidogo, akapata kazi ile. Hakuvunja mlango; aliukuta wazi, akapita.

Basma alimwambia Bi Mwanne mbele ya wateja, katika ghala lake la Kibenga: "Dada Mwanne, nilikuingiza mu nyumba yangu, we ukafungulia kaka yangu." Uongozi wa wakati huo ulitazama sahihi, ukaona jina moja tu. Wengine walinong'ona kwamba amemuuza dada kwa kaka. Akaandikiwa barua ya onyo, akavuliwa uongozi wa timu, akapelekwa stoo.

Wiki hiyo nilifungua droo nikaikuta fomu. Na Bi Mwanne alikuwa amesimama mlangoni. Aliisoma, akaona muhuri wangu. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu, nikiwa nimerudi nchini bila kiwanja wala ndugu. Akanirudishia karatasi. "Mzee Melchior, mi niko na bandugu Buyenzi, niko na nyumba ya baba. We uko na nani hapa?"

Nilipaswa kuipeleka fomu ile kwa mkurugenzi siku hiyo hiyo. Nilifunga droo.

Nilipostaafu mwaka 2017 nilipewa saa ya ukutani na hotuba iliyosema kwamba daftari langu halikuwahi kuwa na kosa. Bi Mwanne alipiga makofi pamoja na wengine. Saa hiyo ipo nyumbani, imegeuzwa uso ukutani.

Uongozi uliponiomba mwezi uliopita niandike maneno haya, kwa kuwa wanasema Kiswahili changu ni kizuri, nilikwenda kwanza stoo kumwomba ruhusa. Nilidhani atanikataza, na nusu ya moyo wangu ilitamani hivyo. Aliendelea kukunja waya. "Uandike. Lakini usinifanye malaika, nilikasirika sana. Unajua nilikasirikia nini? Si fomu. Nilikungojea. Nilisema, wiki hii Mzee atasema mwenyewe. Apana. Mwezi huu. Apana. Kisha nikachoka, nikapanga misumari."

Nimepeleka fomu ile kwa mkurugenzi, na nakala kwa Basma. Basma aliisoma mara mbili akiwa amesimama. "Miaka kumi na moja," akasema. "Mwanne anapita mbele ya ghala, mi nageuza uso." Hakunikaribisha kukaa, na alifanya haki.

Barua ya onyo imeondolewa. Cheti cha utumishi atakachokabidhiwa kitaandikwa: Mwanne Huseni, Mkuu wa Timu ya Ufungaji. Katika daftari la zamani, kwenye mstari wa nyumba ya Mzee Salem, palipoandikwa sababu ya kosa kuwa ufungaji, nimepiga mstari na kuandika jina langu kwa wino. Hayo hayarudishi hata siku moja kati ya siku alizokaa nyuma ya dirisha lile akihesabu misumari, wakati mikono yake ilijua kusoma upepo.

Tunakushukuru, Bi Mwanne, kwa mapaa yote uliyopanda, kwa vijana wote uliowafunza kukaza skrubu kabla ya kusema wamemaliza, na kwa stoo ambayo haikupotewa hata na kibanio kimoja. Mimi nakushukuru kwa jambo ambalo sikustahili, na nakuomba radhi mbele ya wote, kwa kuwa ni mbele ya wote uliposingiziwa.

Siku ya sherehe, kiti cha kwanza mstari wa mbele ni chako. Cha pembeni yake amekiomba Basma. Mimi nitakaa nyuma, karibu na mlango, na safari hii nitaufunga mwenyewe. Nenda ukapumzike Buyenzi kwa afya na amani, miongoni mwa ndugu zako, na jina lako likiwa safi mkononi mwako.

Melchior, aliyekuwa mtunza daftari la njia