Mlango Uliotujua Sote Wawili: Wasifu wa Marehemu Fundi wa Kamera

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu katika karakana ya hospitali, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Wasifu huu unasomwa na pacha wake. Familia ilitaka usomwe na mtu mwingine, kwa sababu kusimama mbele ya watu na sura ya marehemu usoni si jambo dogo. Leo asubuhi tu watu wawili wamepiga ukelele waliponiona nikitoka jikoni. Nawaomba radhi, sina sura nyingine. Mkiona karatasi inatikisika mkononi mwangu, msidhani ni kilio tu. Nina hofu, na sababu yake mtaisikia humu, maana haitenganishiki na maisha yake. Kuanzia hapa nitasema "pacha wake", kama wasifu unavyotakiwa kuandikwa.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Aprili 1979, saa kumi na dakika tano alfajiri, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mpiga chapa na mama mpishi wa shule. Pacha wake alifuata dakika ishirini baadaye. Ili kuwatofautisha, mama alimfunga mkubwa uzi mwekundu mkononi. Siku ya tisa, wakati wa kuoga, uzi ulivuka na kuelea kwenye beseni. Mama huapa mpaka leo kwamba alimfunga yule yule, na marehemu baba hakuacha kumchokoza: "Una hakika gani, mama watoto?" Hata hivyo marehemu alikuwa dada mkubwa kwa kila hali. Alitangulia kutembea, alitangulia kusema, na ndiye aliyekuwa akikatizwa maneno na baba mara kwa mara kwa kuuliza maswali yasiyoisha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986 na kumaliza 1992, kisha sekondari kuanzia 1993 hadi 1998. Alikuwa hodari wa hesabu na fizikia, lakini yeye na sindano walikuwa hawapatani. Pacha wake alikuwa kinyume chake. Darasa la sita, wakiwa mikondo tofauti, walibadilishana madawati: marehemu akafanya mtihani wa hesabu mara mbili, na pacha wake akashona vitambaa viwili vya meza. Mwalimu hakugundua. Nyumbani mama aligundua kwa kuangalia tu jinsi walivyoingia mlangoni, akawanyima mchezo wiki nzima. Wao hawakuona kosa kubwa. Walishazoea kuazimana mwili kama watoto wengine wanavyoazimana sweta. Mwaka 1999 alijiunga na chuo cha ufundi, akatunukiwa stashahada ya elektroniki mwaka 2002.

Juni 2003 aliajiriwa katika karakana ya vifaa vya hospitali. Alitengeneza pampu za dripu, vitanda vya umeme na mizani ya watoto. Mwaka 2011 hospitali ilileta kamera za aina mpya, na yeye ndiye aliyepelekwa mafunzoni. Alipenda kuzieleza, hata kwa mtu aliyekuwa hajauliza. Kamera hizo hurusha mwanga usioonekana kwa macho, halafu hupima mwanga umerudi kutoka umbali gani. Kwa hiyo rangi ya nguo au giza la chumba si kitu kwa kamera. Inachojua ni pua imetokeza kiasi gani, mashavu yameingia wapi, bega lipi liko juu, mkono upi unayumba wakati wa kutembea. Alizifunga katika wodi ya wazee ili ziwaite wauguzi pale mgonjwa anapojaribu kushuka kitandani na anaelekea kuanguka. Wiki ya kwanza mtu alitundika koti kwenye stendi ya dripu. Kamera ikaona ni mtu amesimama, na kengele ikalia mara sita kabla ya saa sita mchana. Muuguzi mkuu akampigia simu: "Fundi, njoo umwone mgonjwa wako. Hataki kulala, na hana kichwa." Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akapanda ngazi kwenda kuifundisha kamera tofauti ya koti na binadamu.

Kamera kama hiyo aliifunga pia juu ya mlango wa karakana, ili mlango uwafungulie mafundi tu, kwa sura na kwa namna mtu anavyosimama. Jumatatu tarehe 12 Septemba 2011 kila fundi alitakiwa atembee hatua tatu mbele ya kamera, asimame, ageuke, ili mashine imweke katika faili lake. Zamu yake ilipofika, marehemu alikuwa kwenye komputa na asingeweza kuwa sehemu mbili. Pacha wake, ambaye ni mshonaji, alikuwa amefika kumletea makoti ya kazi aliyoyapunguza mikono.

"Pacha, simama hapo," akamwambia.

"Mimi? Mimi si fundi wenu."

"Mwili wako si ndio wangu? Tembea bwana, usinicheleweshe."

Akatembea, akasimama, akageuka. Mashine ikaandika jina la marehemu. Kwa miaka saba na zaidi mlango ulimfungulia bila kusita, na kila mara alipoingia alikuwa akiingia kwa mwili wa mdogo wake. Aliona ni kichekesho kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya.

Mlango huo huo ndio uliompa mume. Mwanzoni mwa 2012 fundi seremala aliitwa kurekebisha fremu yake. Alikuja amebeba ubao mpana kifuani, na kamera ikakataa katakata kukubali kwamba ni mtu. Marehemu akatoka nje akamwambia, "Imesema wewe ni kabati." Seremala akajibu, "Basi nifungue uone kilichomo." Waliofanya kazi naye watakumbuka kwamba fremu ile ilihitaji kurekebishwa mara nyingi sana mwaka ule. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Juni 2013, wakajaliwa binti mwaka 2014 na mwana mwaka 2017. Shemeji ameniomba niseme kwamba hakuwahi kujuta hata siku moja, na kwamba bado anaitwa Kabati nyumbani.

Sasa nafika kwenye ugonjwa.

Jumatano tarehe 20 Februari 2019 mlango ulikataa kumfungulia. Alirudi nyuma, akasimama tena, ukakataa. Mwenzake wa karakanani, tunayemwita Mzee wa Waya, akamfungulia kwa ndani, naye akampigia pacha wake simu akicheka: "Mlango wako unakutafuta. Umegundua mimi si wewe." Pacha wake akacheka pia, akamwambia asimame wima, aache kuinamia komputa. Ndivyo walivyolimaliza suala hilo. Marehemu akajiweka mwenyewe kwenye faili, kwa mwili wake safari hii, na mlango ukakubali. Baada ya miezi michache ukakataa tena, akajiweka upya. Alifanya hivyo mara nne. Mashine hutunza faili mbili tu, la kwanza kabisa na la mwisho. Yaliyo katikati hufutwa. Kila alipojiweka upya aliiambia mashine kwamba huyu aliyepinda kidogo zaidi ndiye yeye. Mara ya mwisho ilikuwa Agosti 2020.

Oktoba mwaka huo aliangusha bisibisi mara tatu kwa siku moja, akaenda kumwona daktari wa neva. Ulikuwa ugonjwa wa kutetemeka, ingawa yeye alianza kwa kukakamaa: bega la kushoto kushuka, uso kukosa mikunjo, mkono kuacha kuyumba. Daktari aliuliza, "Mkono wa kushoto uliacha kuyumba lini?" Mume hakujua. Mama hakujua. Pacha wake, aliyempima nguo mwaka mzima, hakujua. Mzee wa Waya akafungua kumbukumbu za mlango, akatuletea tarehe: 20 Februari 2019. Miezi ishirini. Daktari alisema dawa zisingemponya, lakini zingempa miaka mizuri zaidi kama angezianza mapema. Chombo alichokifunga kwa mikono yake kilikuwa kimesema, na sisi tukakiona kina wazimu kwa sababu ya mchezo wetu wa kuazimana mwili. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Tangu hapo alitumia ufunguo wa kawaida. Aliendelea na kazi hadi Desemba 2023, na wodi ya wazee ikamlilia siku ya kuaga. Nyumbani alianza kumwambia pacha wake jambo moja, tena na tena: "Njoo karakanani usimame mbele ya kamera. Faili lako la mwaka kumi na moja bado lipo. Itakwambia kama umebadilika." Daktari naye alikuwa ameeleza kwamba pacha si lazima augue, ila achunguzwe. Pacha wake alikuwa na sare za shule za kushona. Kisha alikuwa na mafua. Kisha alikuwa na harusi ya mteja. Ukweli ni kwamba alikuwa akiogopa kupita kiasi, na marehemu alijua. Hakumgombeza. Alimwambia tu, "Sawa, mwenye sare zako. Nitauliza tena wiki ijayo."

Septemba mwaka huu alipata homa ya mapafu, akalazwa wodi ile ile alimofunga kamera. Alifariki dunia Jumapili tarehe 5 Oktoba 2025, saa nne na nusu asubuhi, mume wake akiwa amemshika miguu kwa sababu alilalamika kuwa imepoa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Neno lake la mwisho kwa pacha wake, siku moja kabla, halikuwa la kuandikwa kwenye ukuta. Alisema, "Wiki ijayo."

Hapa naacha kusema "pacha wake". Ni mimi.

Jumatano iliyopita, tarehe 8 Oktoba, nilikwenda karakanani kuchukua miwani yake na koti la kazi, ili avikwe. Ilikuwa saa saba mchana na mafundi walikuwa wamekwenda kula. Niliinua mkono nibishe hodi. Kabla sijagusa ubao, kitasa kililia na mlango ukafunguka wenyewe, na kwenye kioo kidogo cha pembeni likaandikwa jina la dada yangu na neno "Karibu". Nilibaki nimesimama pale. Maishani mwangu nimeogopa milango mingi iliyofungwa. Huu ni wa kwanza kuniogopesha kwa kufunguka.

Mzee wa Waya aliporudi alinikuta nimekaa sakafuni. Nilimwambia kilichotokea. Akasema, "Inaandika imefungua kwa faili gani, dada. Unataka nikuangalizie, au tuache?"

"Angalia," nikamwambia.

Alibonyeza, akasoma, akasoma tena. Alivua kofia.

"La mwisho," akasema. "La Agosti elfu mbili na ishirini."

Mniwie radhi, nitalisema polepole ili watoto wa nyuma pia wasikie. Faili la kwanza ni mwili wangu nikiwa mzima. Faili la mwisho ni mwili wa dada yangu alipokuwa ameanza kuugua na sisi tunacheka. Mlango haukunifungulia kwa lile langu. Ulinifungulia kwa lile lake.

Inawezekana ni cherehani. Nimekaa nimeinama kwenye cherehani miaka ishirini na minne, bega lazima lishuke. Mzee wa Waya alinifariji hivyo, na shemeji pia. Lakini dada naye tulimwambia ni komputa. Kwa hiyo nimeomba nafasi kwa daktari yule yule, Jumatatu tarehe 13, saa mbili asubuhi. Sijalala vizuri tangu Jumatano. Nikishika kikombe natazama mkono badala ya chai. Nikitembea nauamuru uyumbe, kisha sijui kama umeyumba kwa sababu ni mzima au kwa sababu nimeuamuru.

Marehemu ameacha mume, fundi seremala. Binti wa miaka kumi na mmoja, ambaye ameshajua kutumia bisibisi kuliko mimi. Mwana wa miaka minane. Mzee wa Waya na mafundi wa karakana, ambao alikuwa akiwahesabu nduguze. Na pacha mmoja. Ameacha pia mama yetu. Jana mchana nilimweleza habari ya mlango, nikitegemea atalia. Aliuliza, "Mkono upi?" Nikamwonyesha wa kushoto. Ndio huo mnaoona ameushika hapa kando yangu tangu tulipotoka nyumbani. Nilimwambia nitauhitaji kufunulia kurasa. Akaniambia nifunue kwa ule mwingine, huu haachii mpaka Jumatatu.

Dada, uliniita miaka miwili na sikuja. Nimesimama sasa, nimechelewa, na ninaogopa. Lala kwa amani, upumzike na kusubiri majibu yangu. Wiki ijayo imefika, nitakwenda.